Wakuu, machale yakikucheza katikati ya kupatana bei, unayafuata au unamalizia biashara?

#1 Baba Naima

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi. Naomba tulijadili, hasa ninyi mnaokula kwa kununua na kuuza.

Miezi minane iliyopita nilikwenda kuangalia kiwanja Mapinga, upande wa Bagamoyo. Mita 20 kwa 25, si mbali na lami. Mwenye kiwanja ni mzee mpole, kanzu safi, karatasi zake za mauziano amezihifadhi vizuri kwenye bahasha. Akaanza na milioni 12. Nikamwambia nina 8. Nilijua tutavutana mpaka 10, ndivyo tulivyojipanga na mke wangu. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, leta hiyo nane." Sijafungua mdomo akaongeza, "Hata saba na nusu, mradi iwe leo."

Hapo machale yakanicheza. Kwenye karatasi sikuona kosa lolote. Kifua kilibana tu, mate yakakauka. Nikasingizia kwamba fedha iko kwa kaka, nikaondoka, sikurudi. Alipiga simu mara mbili, sikupokea.

Juzi nimepita pale. Msingi umeshapanda, tofali zimepangwa, mafundi wako kazini. Hakuna X nyekundu, hakuna bango la "USINUNUE, ENEO LINA MGOGORO". Mke wangu hasemi kitu, lakini akiwa anakata vitunguu nasikia kisu kinavyogonga ubao.

Machale yaliniokoa au yaliniibia kiwanja? Na ninyi yakiwacheza mnafanyaje?

#2 Mtoto wa Kariakoo

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, uliokoka.

Mimi ni winga Kariakoo, nawatafutia wenye maduka wateja, huu mwaka wa tisa. Bei ina mwendo wake. Muuzaji wa kweli anaumia akishusha. Atageuka pembeni, atashika kikokotoo, atampigia bosi. Na hatua zake zinafupika kadiri anavyokaribia mwisho: 50, 45, 43, 42 na nusu. Ukiona hivyo ujue chini ya pale ni hasara yake. Anayeporomoka 50, 40, 25 kwa pumzi moja, ama cha juu kilikuwa kikubwa mno, ama mzigo una ugonjwa anaoujua yeye.

Wewe umeshanunua vitu maisha yako yote. Mwili wako unaujua mwendo wa bei hata kama hujawahi kukaa ukauhesabu. Mzee aliuvunja, kifua kikakwambia.

#3 Kauzu wa Temeke

Winga leo umemwaga siri za kambi! Wenzako watakufungia Msimbazi usipite. Ila hoja nimeipenda. Naweka kambi hapa.

#4 Wakili wa Kibaha

Nasoma post #1 naona neno moja tu: "leo". Si bei. Kwenye ardhi mtu anayelazimisha leo mara nyingi anamkimbia mtu mwingine: mnunuzi wa kwanza aliyempa nusu ya fedha, ndugu wa urithi ambao hawajagawana, au mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja kitupu kina mabishano yake, lakini kesi za "mume wangu aliuza mimi sijui" nimezishika nyingi kuliko za karatasi feki.

Ninakolaumu ni hapa, Baba Naima. Machale yalipocheza ulikimbia. Ungeweza kumwuliza, "Mzee wangu, kwa nini leo?" Labda angekujibu mtoto amelazwa Muhimbili anahitaji fedha, ukamwona machoni. Labda angekasirika. Ungewauliza majirani wa mipaka yote minne, ungefika kwa mwenyekiti wa kijiji, ungefika ofisi ya ardhi. Machale ni kengele ya mlangoni, na kengele ikilia mtu huenda kuchungulia.

#5 Msomi wa Changanyikeni

Naomba nipingane na #2 na #4 kwa pamoja, kwa heshima.

Mwaka 2002 Adam Galinsky na wenzake walitoa utafiti juu ya jambo hilihili lililompata mleta mada. Mtu ambaye ofa yake ya kwanza imekubaliwa papo hapo hutoka na kinyongo kuliko aliyevutana, hata pale aliyevutana anapoishia na bei mbaya zaidi. Sababu yake ndogo tu: akishakubaliwa anaanza kuwaza "kumbe ningetaja ndogo zaidi". Kinyongo hicho hakisemi lolote juu ya kiwanja.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mzee alikuwa mkweli, kiwanja safi, na kifua cha Baba Naima kilibana kwa sababu alijiandaa kwa vita na vita havikuja.

#6 Baba Naima

Msomi, umenigusa. Ni kweli nilijiandaa. Njia nzima kwenye daladala nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "tisa na nusu, mzee wangu, ndiyo mwisho". Lakini sikuwaza hata kidogo kwamba ningetaja ndogo zaidi. Niliogopa. Kinyongo na woga nadhani havikai sehemu moja mwilini, au nakosea?

Wakili, nashukuru. Kuhusu kuuliza "kwa nini leo", sina la kujitetea.

#7 Mzee wa Pugu

Vijana, mimi nanunua ng'ombe mnada wa Pugu tangu 1994. Niwaelezeni machale ya kwetu.

Mimi pale sitegemei mzani wa kunituliza. Unasimama na ng'ombe unamtazama: nundu, mapaja, upana wa kiuno, anavyokanyaga. Unampapasa mgongoni. Kisha kichwani inakuja namba tu, huiiti. Kilo 110. Kilo 130. Hiyo ndiyo nyama atakayotoa, siyo uzito wake akiwa hai. Ukishaijua namba unajua bei yako, na mwenye ng'ombe aseme atakavyosema. Wapo wanaowalambisha chumvi usiku ili asubuhi wanywe maji wavimbe. Tumbo litakudanganya, mgongo haudanganyi.

Sasa sikilizeni. Usiku uleule ng'ombe anakwenda machinjioni Vingunguti, na kabla ya alfajiri naambiwa mzani umesema nini. Nilisema 130, mzani ukasema 104. Ile hasara nakula mimi na wanangu, na kesho yake nina ng'ombe wengine watano wa kuwatazama. Miaka mitatu ya mwanzo nilipigwa mpaka nikataka kurudi Singida. Leo nikikosea sana nakosea kilo sita, saba.

Mwanangu Baba Naima, wewe umenunua viwanja vingapi? Kama jibu ni kimoja au sifuri, hayo yaliyokucheza mimi siyaiti machale. Ni tumbo lako tu. Usinielewe vibaya, hata tumbo lina haki ya kusema.

#8 Jiwe la Arusha

Shikamoo Mzee wa Pugu. Nakazia kila neno.

Mimi ni dalali wa tanzanaiti. Ukiniletea jiwe naligeuza juani mara moja, naona bluu yake na zambarau yake, naona pale nyufa zilipojificha. Nishalipigia hesabu kabla wewe hujamaliza kuniapia kwamba limetoka Mirerani jana. Na jioni nalipeleka kwa mnunuzi mkubwa, ananiambia ukweli wangu au ujinga wangu hapohapo.

Lakini kuna kitu mzee hakukisema. Mimi kwenye jiwe ni mzuri, kwenye mtu ni mbovu. Miaka kumi na nne ya kukaa mezani na watu, bado siwezi kujua nani atanilipa Ijumaa na nani atazima simu. Na kupatana bei kuna vyote viwili, kuna kitu na kuna mtu mwenye kitu. Tusichanganye.

#9 Msomi wa Changanyikeni

Mzee wa Pugu, shikamoo. Bila kukusudia umeeleza kwa ng'ombe kile ambacho wanasaikolojia wawili walibishania kwa miaka.

Mmoja ni Gary Klein, aliyekaa na makamanda wa zimamoto Marekani. Anayo habari ya kamanda aliyeingia na vijana wake kwenye nyumba inayoungua, wakamwagia moto maji, moto ukawa haunyamazi. Sebule ina joto kupita kiasi, na kimya. Akaamuru watoke bila kujua kwa nini. Wametoka tu, sakafu ikaporomoka. Moto ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Kamanda mwenyewe aliamini ana uwezo wa kuona yasiyoonekana.

Wa pili ni Daniel Kahneman, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, maarufu kwa kuonyesha jinsi wataalamu wanavyojidanganya. Walidhani watapingana mpaka mwisho. Mwaka 2009 wakaandika pamoja kwamba wamekubaliana mambo mengi: machale ya mtu yanaaminika kama kazi yake ina mpangilio unaojirudia, na kama amepata nafasi ya kutosha ya kujaribu na kupewa jibu la haraka. Na wakasema kujiamini kwa mtu si kipimo cha kuwa yuko sahihi.

Vingunguti ndilo jibu la haraka. Mapinga hakuna Vingunguti.

#10 Mtoto wa Kariakoo

Naona mnanitoa kwenye mstari taratibu. Lakini mimi napata jibu kila siku. Mteja akinunua nimepatia, akiondoka nimekosea.

#11 Mama Kitenge

Hapana, mdogo wangu. Hapo ndipo panapouma, na nimekaa kimya tangu #2 nikisubiri pafike.

Mama yangu alikuwa anauza samaki Manzese. Mwaka 2011 alitaka friza la kugandishia. Alikwenda mjini na kanga zake mbili, ndala, mikono ina harufu ya kazi yake. Fedha taslimu amezifunga kwenye pindo. Duka la kwanza kijana hakunyanyuka hata kwenye kiti. Akamwambia, "Mama, bei zetu ziko juu." Hakutaja bei. Machale yake yalimwambia huyu hana kitu.

Mama alivuka barabara akanunua mafriza mawili kwa mshindani wake, akakodi Canter, akapita nayo mbele ya lile duka. Hakusema neno.

Sasa niambie, yule kijana alipata jibu gani? Kwake mama ni mteja mmoja aliyeingia akatoka bila kununua, kama alivyotabiri. Machale yake yamepata alama. Kesho ataingia mama mwingine wa ndala na ataamini zaidi. Anajiona mzoefu, kumbe kila siku anafukuza watu kisha anajisifu kwamba walikuwa hawana fedha.

Mnaposema machale kwa sauti ya kusifu, sisi wengine tunakumbuka yametuangukia sisi.

#12 Nyundo ya Gerezani

Mama Kitenge, post yako nimeisoma mara tatu.

Nauza vipuri. Nimewahi kumpima mtu kwa viatu. Nimewahi kumtajia mtu bei ya juu kwa lafudhi yake tu, na nimewahi kukataa kumkopesha fundi mzuri kwa sababu ya kabila la mtu mwingine aliyewahi kunitapeli. Nilikuwa naita uzoefu. Naomba radhi kwa wote niliowapima hivyo, hawatasoma hapa lakini nimesema.

#13 Mshenga wa Tanga

Salaam. Naona mmelifanya jambo zima kuwa ni kununua au kukimbia. Nawaletea mapatano ambayo huwezi kukimbia: mahari.

Nimetumwa posa zaidi ya ishirini. Unaingia, unavua viatu, unaketishwa mkekani. Barua imeshajibiwa, sasa ni kuhesabu: mahari yenyewe, mkaja wa mama, kilemba, na mengine kulingana na nyumba. Msemaji wao anataja, wewe unaomba wapunguze. Maneno yote anasema yeye. Lakini mwenye uamuzi siye yeye, na hakuna atakayekwambia ni nani.

Mara moja, Pangani, walitaja kiasi ambacho kijana wetu asingekiweza hata kwa miaka miwili. Msemaji wao mkali, hashuki. Nikaona kila akishataja anagusa kofia, na anapogusa kofia jicho linakwenda kwenye pazia. Nyuma ya pazia yuko shangazi. Nikaacha kuomba. Nikaanza kueleza, kwa sauti inayofika kwenye pazia, jinsi kijana alivyomuuguza bibi yake miaka minne. Fedha sikuigusa tena. Kimya kikawa kirefu. Mtoto akatoka nyuma ya pazia, akamnong'oneza msemaji. Wakashusha karibu nusu.

Sikuhesabu lolote pale. Mtu akiniuliza nilijuaje, nitasema nilijua. Kwa hiyo machale yana kazi nyingine kubwa kuliko kukuambia kimbia. Yanakuonyesha useme na nani, na lini unyamaze.

#14 Kauzu wa Temeke

Mzee, hii siyo chai kweli? Maana shangazi, pazia, kofia, mtoto ananong'ona... Natania. Nakuheshimu. Nikifika wakati wangu nakutafuta wewe.

#15 Kijana wa Ilala

Naunga mkono Mshenga. Hata kwenye mambo makubwa ya dunia ni hivyo. Kofi Annan mwaka 2008 Nairobi, wiki mbili tu alimaliza ugomvi wa uchaguzi kati ya Kibaki na Raila, kwa kusoma watu tu.

#16 Mkenya wa Garissa

Ndugu yangu wa Ilala, naomba nirekebishe. Siyo wiki mbili. Ilichukua zaidi ya wiki tano, siku tulizihesabu moja moja tukiwa tumefungiwa ndani. Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari, mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari.

Lakini hoja yako si mbaya. Katikati aliwapeleka wajumbe wa pande zote mbili Tsavo Magharibi, mbali na kamera na mji. Kisha tarehe 26 Februari akasimamisha mazungumzo ya wajumbe kabisa, akasema sasa nataka wakubwa wenyewe. Aliona wajumbe wamefika mahali hawawezi kusogea, kila mmoja anaogopa aliyemtuma. Ni kama mshenga alivyoacha kuongea na msemaji. Siku mbili baadaye walisaini, na Mkapa na Kikwete wenu walishiriki mpaka mwisho, tunawashukuru hadi leo.

Pia kutoka huku kwetu: soko la mifugo la Garissa madalali Wasomali hupatana bei ya ngamia kwa vidole, mikono imefichwa chini ya kitambaa. Uso haukwambii kitu. Walio pembeni hawajui bei. Mkono peke yake ndio unaongea, na mzoefu anajua kwa namna kidole kilivyobanwa kama mwenzake amefika mwisho. Nimejaribu mara moja, nilidhani nimetaja elfu arobaini, ikawa nimetaja nyingine kabisa. Ilibidi mjomba aingilie.

#17 Wakili wa Kibaha

Hapo kwa Annan tusiyape machale sifa yote. Kulikuwa na shinikizo la mataifa, uchumi umesimama, reli imeng'olewa, watu wamekufa zaidi ya elfu moja. Mtu anayejua kwamba pande zote zimechoka hahitaji machale, anahitaji kusoma magazeti.

#18 Mkenya wa Garissa

Magazeti tulisoma wote, wakili. Kujua ni leo na siyo kesho, hiyo haikuandikwa gazetini.

#19 Mama wa Daftari

Mimi ni mhasibu, nina swali moja kwa Msomi kisha nasema langu. Ile habari ya utafiti wa Iowa, Marekani, wa watu waliofunua karata mkono ukatoka jasho kabla akili haijajua, mbona hujaileta?

#20 Msomi wa Changanyikeni

Nilikuwa naihifadhi, mama. Ni Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao, 1997. Mafungu manne ya karata, mawili yana faida kubwa mwanzoni lakini yanafilisi. Kufikia karata ya 10 hivi ngozi za wachezaji zilishaanza kutoa jasho kila mkono ulipoelekea fungu baya. Kwenye karata ya 50 walisema "silipendi lile fungu". Mpaka kama ya 80 ndipo wengi waliweza kueleza sababu. Inaonyesha mwili unatangulia.

#21 Mama wa Daftari

Ahsante, ila malizia hadithi. Mwaka 2004 walitokea watafiti wengine, Maia na McClelland, wakawauliza wachezaji maswali kwa umakini zaidi, wakakuta walikuwa wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Hawakuwa wameulizwa vizuri tu. Kwa hiyo huenda mwili haukutangulia popote.

Na hata ukitangulia, ona: wale walifunua karata 100, na kila karata iliwaambia umepata kiasi gani. Baba Naima alifunua moja, akaitupa kabla hajaiona.

Langu ni hili. Machale yanayosema "nunua" yana ushahidi, utakaa na kitu ulichonunua. Machale yanayosema "kimbia" hayana ushahidi kamwe, maana umekimbia. Halafu miaka inapita, unakumbuka yale matatu uliyosikia baadaye kwamba yalikuwa utapeli, unasahau arobaini ambayo hukusikia kitu. Mimi tangu 2019 naandika. Nikikataa biashara kwa sababu nafsi imesita, naandika tarehe, nani, bei gani, na nilihofia nini hasa. Baada ya mwaka natafuta kilitokea nini. Si rahisi, inabidi uwapigie watu uliowakimbia. Nina mistari 31. Kwa 17 nimepata jibu. Kati ya hiyo, 6 kweli palikuwa na kasoro. Kumi na moja palikuwa safi na mwingine alinunua akafaidi.

#22 Kauzu wa Temeke

Sita kati ya 17! Mama, hayo machale yako si bora urushe sarafu?

#23 Mama wa Daftari

Hapana, mwanangu. Moja kati ya zile sita ilikuwa ingechukua nyumba yangu. Kumi na moja nilizokosa, kila moja ilikuwa faida ya kawaida. Ndiyo maana sijaacha kuyasikiliza. Ila sasa najua bei ninayolipa.

#24 Bint Makunduchi

Assalaam alaykum, niko Muscat. Mbona hakuna aliyetaja istikhara? Kwetu ukisita kwenye jambo unaswali rakaa mbili unamwomba Mungu akuchagulie. Wengi wanadhani utaota ndoto. Shehe wangu alinifundisha kwamba si lazima ndoto, unaendelea na jambo kwa njia zake za kawaida, na ukiona linafunguka unakwenda, likifungika unaacha kwa moyo mtulivu. Kaka Baba Naima, kinachokunyima usingizi naona si kiwanja. Uliacha bila utulivu.

#25 Jiwe la Arusha

Dada, mimi ni Mlutheri lakini hii nimeielewa.

#26 Dereva wa Noah

Naongezea upande wa pili, hakuna aliyeusema. Mimi machale hayakunicheza kabisa, na hapo ndipo nilipopigwa. Nilinunua gari kwa mtu ambaye kila kitu kwake kilinipa amani. Alinikaribisha chai, watoto wake wakaniamkia, akanionyesha kasoro ndogo mbili mwenyewe bila kuulizwa. Moyo ukasema huyu ni mtu mwema. Milioni nne na laki sita za malipo ya kwanza zikaenda, gari lilikuwa la mkopo wa mtu mwingine.

Tapeli anajua kupika amani. Zile kasoro mbili ndogo alizipanda makusudi. Kama Baba Naima angeuziwa na tapeli hodari, kifua kisingebana hata chembe. Mzee aliyeshusha bei hovyo vile hakuwa fundi wa utapeli. Hilo linanifanya niamini alikuwa na shida ya kweli.

#27 Wakili wa Kibaha

Wataalamu wa kupima uongo wangekubaliana nawe. Bond na DePaulo walikusanya tafiti zaidi ya 200 mwaka 2006: watu wa kawaida wanatofautisha uongo na ukweli kwa usahihi wa asilimia 54 hivi. Hatari kabisa kuweka milioni nane juu ya hiyo 54.

#28 Mtoto wa Kariakoo

Haya, nakubali kidogo. Lakini Mshenga na shangazi yake je? Asilimia 54 ingempata shangazi nyuma ya pazia?

#29 Mshenga wa Tanga

Mimi sikuwa napima uongo, kijana. Pale hakuna aliyedanganya.

#30 Baba Naima

Wakuu, narudi. Jumamosi Mzee wa Pugu alinikaribisha mnadani, nikaenda. Alinisimamisha mbele ya dume mwekundu akaniambia, "Sema namba, usifikiri." Nikasema 150. Yeye alishamwandika kwenye kiganja kwa kalamu: 118. Alfajiri nikapigiwa simu na mtu wa Vingunguti: 113.

Ng'ombe wa pili nilisema 90, mzani 121. Wa tatu sikusema.

Nimemweleza mke wangu uzi huu wote, nikamsomea ya Mama wa Daftari. Akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Kwa hiyo unaweza kumpigia yule mzee ukamwuliza?" Namba yake ninayo bado. Wakili, wewe unapita Bagamoyo, unaweza kufika nami ofisi ya kijiji Alhamisi? Sitaki tena kiwanja. Nataka kujua kwa nini ilikuwa lazima iwe siku ile.

#31 Wakili wa Kibaha

Alhamisi saa tatu asubuhi nakukuta kituo cha Mapinga. Mpigie mzee kwanza, na umwombe radhi kwa zile simu mbili.

#32 Dereva wa Noah

Nasema alikuwa na mgonjwa.

#33 Mtoto wa Kariakoo

Nasema kuna mnunuzi wa kwanza.

#34 Mama wa Daftari

Andika kabla hujapiga, Baba Naima. Ulihofia nini hasa siku ile, kwa maneno yako, na tarehe. Ukishasikia jibu hutakumbuka tena ulichohofia. Tunasubiri mrejesho.